Kuzunguka jangwa la Arizona kwa gari: panga kwa mwinuko na saa, maili baadaye

Ukifungua ramani ya Arizona kwa mara ya kwanza, jicho hukimbilia umbali. Tucson hadi Phoenix ni mwendo wa saa mbili hivi. Phoenix hadi Flagstaff ni saa mbili na ushei, na kutoka Flagstaff hadi ukingo wa Grand Canyon ni saa moja na nusu. Mgeni hujiambia siku tatu zinatosha, akapanga vituo kwa mfuatano wa barabara, na saa 8 mchana wa Julai anajikuta kwenye njia ya miguu katikati ya kaktasi, joto nyuzi 43, chupa imebaki robo. Hesabu yake ya maili ilikuwa sahihi. Alichosahau ni maswali mawili ambayo wenyeji huulizana kabla ya kuwasha gari: huko tuendako kuko juu kiasi gani, na tutafika saa ngapi?

Mwongozo huu unafuata maswali hayo mawili. Nimewafikiria wanaokuja kutembelea ndugu, na pia wale waliohamia huku (Tucson na Phoenix zina familia nyingi zinazoongea Kiswahili, hasa kutoka Kongo) na ambao miaka inapita wakiitazama milima kupitia dirisha la basi la kazini bila kuipanda. Saa zote nimeandika kwa hesabu ya Kiswahili: saa 11 alfajiri ni ile ambayo simu yako itaandika 5:00.

Hatua ya 1: Andika mwinuko wa kila kituo

Kabla ya kuweka nafasi ya hoteli, chukua karatasi uandike majina ya sehemu unazotaka kuziona, na mbele ya kila jina weka mita zake juu ya usawa wa bahari. Phoenix iko kwenye mita 330 hivi. Tucson ni 730. Sedona, penye majabali mekundu, inapita kidogo 1,300. Flagstaff na ukingo wa kusini wa Grand Canyon zote ziko karibu na 2,100. Kijiji cha Summerhaven, juu ya mlima Lemmon nje kidogo ya Tucson, kiko kama mita 2,400, yaani juu kuliko Nairobi.

Kila unapopanda mita 1,000, joto la mchana hushuka nyuzi 6 hadi 10 za Selsiasi. Hapo karatasi yako inaanza kusema. Siku ambayo Tucson inaungua kwa nyuzi 40, Summerhaven watu wamekaa barazani kwenye nyuzi 26, na kati yao ni mwendo wa saa moja tu. Januari mambo hugeuka: Tucson unatembea na shati jepesi wakati Flagstaff wanafukua theluji mlangoni. Kwa hiyo kiangazi panda, majira ya baridi baki chini, na katikati ya mwaka unaweza kufanya yote mawili kwa siku moja ukijua kupanga saa.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Novemba hadi Aprili ndio msimu wa jangwa la chini. Hewa ni safi, njia za miguu zinapitika hata adhuhuri, na kwa sababu hiyo hoteli hupandisha bei, hasa Februari na Machi. Aprili miti ya palo verde hufunikwa na maua ya njano. Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Juni, saguaro (tamka sa-wa-ro), ile kaktasi ndefu yenye mikono ambayo umeiona kwenye kila picha ya Arizona, hutoa maua meupe kichwani. Ua hufunguka usiku na kufikia alasiri ya siku inayofuata limeshajifunga, basi anayelitaka aende asubuhi.

Mei na Juni ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Misitu huwekewa marufuku ya moto, na wakisema marufuku wanamaanisha hata jiko la mkaa la kuchomea nyama. Usilipakie. Kuanzia Julai hadi Septemba mvua za msimu huja na radi za alasiri, na rasmi msimu huo huhesabiwa tangu Juni 15 hadi Septemba 30. Jangwa hugeuka kijani ndani ya wiki chache, harufu ya udongo uliolowa huku ikichanganyika na ya kichaka kiitwacho creosote, na kwangu mimi huo ndio wakati mzuri kuliko wote. Lakini ndio pia wakati wa hatari mbili nitakazozieleza chini: maji ya ghafla na vumbi.

Kuhusu joto la Phoenix, usilichukulie kimzaha kwa sababu umekulia Dar au Mombasa. Mwaka 2023 jiji hilo lilipitisha siku 31 mfululizo za nyuzi 110 za Farenhaiti na zaidi, sawa na 43 za Selsiasi. Ni joto kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na ndiyo maana mtu wa pwani hudanganyika: hajalowa, anadhani hajapoteza maji. Siku za tahadhari jiji hufunga njia kuu za mlima Camelback na Piestewa kuanzia asubuhi hadi jioni.

Hatua ya 3: Gari na karatasi

Kama unatoka Tanzania, Kenya au Uganda, kumbuka unahamia upande wa kulia wa barabara. Wa Kongo, Rwanda na Burundi hawana shida hiyo. Kosa halitokei kwenye barabara kuu. Linatokea unapotoka kwenye maegesho ya duka asubuhi, barabara ikiwa tupu, mikono inarudi kwenye mazoea ya nyumbani. Abiria wa mbele apewe kazi ya kusema “kulia” kila mnapotoka mahali. Mwendo unaandikwa kwa maili: 65 ni kama kilomita 105 kwa saa. Taa nyekundu inakuruhusu kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa bango likikataza.

Gari la kawaida la saluni linatosha kwa karibu kila kitu nilichoandika hapa. Soma mkataba wa kukodi kwenye kipengele cha barabara zisizo na lami, maana makampuni mengi hukataza, na bima yao hukatika pale lami inapokatika. Kabla ya kuondoka kagua mambo manne: upepo wa matairi, tairi la akiba lipo kweli (magari mapya mengi huja na pampu na gundi tu), kiyoyozi, na betri. Joto la huku huua betri bila kutoa taarifa. Jana liliwaka, leo halisemi kitu.

Kuhusu karatasi. Ukisafiri kusini mwa Arizona utakutana na vizuizi vya askari wa mpakani ndani kabisa ya nchi, kwa mfano kwenye barabara ya I-19 unaporudi Tucson kutoka Nogales. Husimamisha magari na kuuliza uraia. Asiye raia aliyefikisha miaka 18 anatakiwa na sheria kutembea na kitambulisho chake cha uhamiaji, iwe kadi ya ukaazi au hati nyingine aliyopewa, kwa hiyo usiiache kabatini eti unaogopa itapotea safarini.

Viingilio: hifadhi ya taifa ya Saguaro ni dola 25 kwa gari zima kwa siku saba, Grand Canyon dola 35, na Saguaro hawapokei noti mkononi, lazima kadi. Mkaazi wa Marekani anayepanga kuingia hifadhi tatu au nne ndani ya mwaka anunue pasi ya taifa ya dola 80. Kwa mgeni kutoka nje sheria zilibadilika Januari 2026: pasi yake ni dola 250, na bila pasi hiyo anaongezewa dola 100 kwa kila mtu wa miaka 16 na zaidi katika hifadhi 11 kubwa, Grand Canyon ikiwemo. Saguaro haimo kwenye orodha hiyo. Mkiwa shangazi, mjomba na watoto wakubwa wawili waliotua jana kutoka Entebbe, pigeni hesabu hiyo nyumbani kabla ya kusimama kwenye kibanda cha geti.

Hatua ya 4: Pakia buti

Maji galoni moja, karibu lita nne, kwa kila mtu kwa siku, na nyingine ya ziada ya gari. Ukitembea kwa miguu kwenye joto, hesabu lita moja kwa saa, na nusu ya maji ikiisha geuza, hata kama kilele unakiona. Pamoja na maji weka vitu vya chumvi: karanga, krispi, biskuti za chumvi. Anayekunywa maji matupu siku nzima bila kula anaweza kuishiwa chumvi mwilini akaanza kizunguzungu na kichefuchefu, na wenzake wakazidi kumnywesha maji.

Ramani ipakue kwenye simu ukiwa na mtandao, kwa sababu mabondeni hakuna. Kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, tochi, koti hata Agosti kama utapanda mlimani. Halafu kichana. Kile cha kawaida, chenye meno mapana.

Kichana ni kwa ajili ya cholla. Hii ni kaktasi fupi yenye vishada vya miiba vinavyong'aa dhahabu jua likiwa chini, inapendeza mno kwenye picha, na vipande vyake hudondoka ardhini vikingoja kiatu. Ukiigusa kidogo tu kipande kizima hukunasia. Mtu hukimbilia kukivuta kwa mkono mwingine, na sasa mikono yote miwili imeshikwa. Fanya hivi: penyeza meno ya kichana kati ya kipande na ngozi, weka mwenzako upande usio na hatari, kisha kirushe mbali kwa mkupuo mmoja. Miiba inayobaki itolewe moja moja kwa kibano. Kila mwiba una ndoano ndogondogo zinazotazama nyuma, ndiyo sababu unaingia kirahisi na kutoka kwa uchungu.

Hatua ya 5: Siku moja Tucson, kutoka kaktasi hadi misonobari

Hii ndiyo siku ningempangia mgeni yeyote mwenye siku moja tu. Inafaa karibu mwaka mzima kwa sababu inafuata jua: chini alfajiri, juu mchana, chini tena magharibi.

Ondoka mjini kabla jua halijachomoza, uelekee upande wa mashariki wa hifadhi ya Saguaro. Hifadhi hii ina vipande viwili, kimoja kila upande wa jiji, na Tucson imekaa katikati. Upande wa mashariki una barabara ya lami ya mzunguko, Cactus Forest Loop Drive, maili 8, sehemu yake kubwa ikiwa ya kwenda tu. Endesha polepole, madirisha wazi. Simama kwenye Desert Ecology Trail, kinjia cha lami cha robo maili ambacho hata bibi mwenye mkongojo au mtoto kwenye kigari anakiweza.

Hapo tazama saguaro moja kwa ukaribu badala ya kupiga picha ya mia moja. Mwili wake una mikunjo inayokwenda juu mpaka chini. Mvua ikinyesha mikunjo hufunguka na shina kunenepa kwa maji; kiangazi hujikunja tena. Matundu unayoyaona juu ni kazi ya vigogota, ambao huchimba kiota, wakahama, na nyumba ikapangwa na bundi mdogo kama shomoro. Mara nyingi saguaro mchanga utamkuta chini ya palo verde, maana bila kivuli cha mti huo jua na baridi vingemmaliza. Hukua taratibu mno. Mkono wa kwanza kwa kawaida hautokei mpaka mmea ufikishe miaka 50 hadi 75, mahali pengine zaidi, kwa hiyo yule mwenye mikono mitano huenda alikuwepo kabla Arizona haijawa jimbo mwaka 1912. Kumkata au kumhamisha bila kibali ni kosa la jinai. Watu wa Tohono O'odham, wenye ardhi hii tangu zamani, huvuna matunda yake Juni na Julai kwa mti mrefu uliotengenezwa kwa mbavu za saguaro aliyekufa, na hupika sharubati nyekundu nzito.

Mkono usiuingize mahali jicho halijafika, iwe chini ya jiwe au nyuma ya gogo. Nyoka mwenye njuga mkiani anapenda kivuli kama wewe. Ukimsikia, simama, mtafute kwa macho, kisha rudi nyuma taratibu. Hana haja na wewe.

Saa 3 asubuhi jua likianza kuuma, rudi mjini, jaza mafuta na maji, kisha shika Catalina Highway kupanda mlima Lemmon. Mafuta jaza mjini kweli, usitegemee kuyapata juu. Kutoka chini hadi Summerhaven ni kama maili 27 za kona, lami nzuri, waendesha baiskeli wengi. Kuipitia barabara yenyewe hakulipiwi. Baadhi ya sehemu za kupumzikia ndizo zina ada ya siku.

Zima redio utazame mimea inavyobadilika dirishani. Ukifika karibu na mita 1,200 saguaro zinakoma, kwa sababu juu ya hapo baridi ya usiku hukaa muda mrefu kuliko zinavyoweza kuvumilia. Baada yake huja nyasi na mialoni mifupi, kisha kwenye Windy Point, mita 2,000 hivi, nguzo za mawe zilizosimama ukingoni na bonde zima la Tucson chini yake. Hapo kila mtu husimama na hapo pia ndipo watoto washikwe mkono, maana ukuta ni mfupi na upepo haukuitwa bure. Juu zaidi ni misonobari mirefu, na ukiweka pua kwenye gome la ule wa ponderosa lililopigwa na jua utanusa kitu kama vanila.

Kuna kituo kimoja ambacho wengi hukipita bila kugeuza shingo, karibu na maili ya 7: Gordon Hirabayashi Campground. Barabara hii ilianza kujengwa mwaka 1933 na kumalizika 1950, na kazi kubwa ilifanywa na wafungwa wa serikali kuu waliokaa kambini hapo. Gordon Hirabayashi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Seattle, mzaliwa wa Marekani mwenye wazazi Wajapani, aliyekataa amri za mwaka 1942 za kuwafungia ndani usiku na kuwahamisha watu wa asili yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpinga mwaka 1943. Serikali haikutaka kumlipia nauli ya kwenda kifungoni, basi aliomba lifti njiani kutoka kaskazini mpaka Tucson, na alipojisalimisha maofisa hawakuzipata karatasi zake. Hukumu yake ilikuja kufutwa miaka ya 1980. Misingi ya majengo ya kambi bado ipo, na mabango yanaeleza. Dakika 20 zinatosha.

Summerhaven kula chakula cha mchana. Kijiji kiliungua sehemu kubwa katika moto wa msituni wa mwaka 2003, ndiyo maana nyumba nyingi ni mpya na vigogo vyeusi bado vimesimama kwenye miteremko. Chakula usikiache wazi mezani wala kwenye gari lenye madirisha wazi, dubu weusi wapo. Wakati wa kushuka weka gia ndogo, injini ilizuie gari. Anayeshuka maili 27 akikanyaga breki mfululizo atazinusa zikiungua kabla hajafika chini. Miezi ya theluji piga simu ya taarifa za barabara au angalia tovuti ya kaunti kabla ya kupanda, kwani hufungwa au huruhusu tu magari yenye minyororo au yanayoendeshwa na magurudumu manne.

Jioni vuka jiji kwenda magharibi, kwenye kipito cha Gates Pass. Fika nusu saa kabla ya machweo, maegesho hujaa. Ukiwa na nguvu bado, siku nyingine rudi upande huo asubuhi kwa ajili ya Bajada Loop Drive, mzunguko wa vumbi ndani ya kipande cha magharibi cha hifadhi. Kwenye kilima cha Signal Hill kuna michoro ya kale iliyochongwa kwenye mawe na watu wa Hohokam. Usiiguse, mafuta ya vidole huiharibu.

Kama kuna mzee asiyeweza kona, badilisha mlima kwa Sabino Canyon. Magari binafsi hayaingii; unapanda kigari cha umeme kinachofuata kijito na madaraja, unashuka kituo chochote na kupanda tena.

Hatua ya 6: Mvua na vumbi

Mito mingi utakayoivuka haina maji. Barabara inashuka kwenye mchanga, inapanda upande wa pili, na bango linasema usivuke ikiwa imejaa. Mgeni huona bango la mafuriko jangwani akacheka. Mvua inaweza kunyesha mlima wa mbali, juu yako mbingu ni bluu, na maji yakakufikia yakibeba magogo. Agosti 12, 1997, wageni 11 walikufa hivyo ndani ya korongo jembamba la Lower Antelope Canyon, kaskazini mwa Arizona, kwa mvua iliyonyesha maili kadhaa juu ya mkondo. Siku hizi huingii humo bila mwongozaji.

Kwa gari, kina cha sentimita 30 za maji yanayokwenda kasi kinatosha kubeba saluni. Subiri. Mara nyingi mkondo hushuka ndani ya saa moja au mbili. Arizona ina sheria inayomtoza gharama za uokoaji dereva aliyezunguka kizuizi akaingia kwenye maji, na jina ambalo watu wanaiita ni sheria ya dereva mjinga. Kituo chako cha kulala au kuweka hema kisiwe ndani ya mkondo mkavu hata kama mchanga ni laini na kivuli ni kizuri. Katika miezi ya mvua, mpango wako wa miguu uwe umekwisha ifikapo saa 6 mchana.

Vumbi ni jambo jingine. Barabara ya I-10 kati ya Phoenix na Tucson, hasa karibu na Eloy na Picacho, hupigwa na ukuta wa vumbi wa haboob unaofunika jua. Ukiuona mbele na kuna njia ya kutoka, toka. Ukishakufunika, fanya kwa mpangilio huu:

1. Punguza mwendo, toka nje ya lami kabisa, mbali na magari kadiri uwezavyo.
2. Zima taa zote, na hazadi pia.
3. Vuta handibreki, kisha ondoa mguu kwenye breki.
4. Kaa ndani na mkanda umefungwa mpaka lipite.

Kuzima taa huwashangaza wengi. Sababu ni dereva aliye nyuma: haoni barabara, anatafuta chochote cha kufuata, na akiona taa zako nyekundu atakufuata akidhani bado uko kwenye lami.

Hatua ya 7: Kutoka Phoenix, Apache Trail na maziwa yake

Mwenye nusu siku Phoenix achukue barabara ya jimbo namba 88 kutoka Apache Junction. Ilichongwa mwanzoni mwa karne iliyopita kupeleka vifaa vya kujengea bwawa la Roosevelt, lililozinduliwa 1911, na vibarua wengi walikuwa Waapache. Lami nyembamba inapita chini ya milima ya Superstition, inashukia Canyon Lake, ambako unaweza kuogelea au kupanda boti, na kufika Tortilla Flat, kijiji cha watu wachache mno chenye mgahawa ambao kuta zake zimebandikwa noti za dola na viti vya kaunta ni matandiko ya farasi.

Kwa gari la kawaida geuza hapo. Mbele lami inaisha na barabara inashuka Fish Creek Hill ikiwa imebana ukutani. Moto wa mwaka 2019 uliteketeza mimea, mvua zilizofuata zikabomoa barabara, na ilipofunguliwa tena 2024 ilikuwa kwa magari yaliyoinuka, yanayoendeshwa na magurudumu manne. Ukitaka kuliona bwawa lenyewe bila purukushani hizo, zunguka kwa lami kupitia Globe na barabara ya 188. Njiani utapita Tonto, makazi ya kale ya Wasalado yaliyojengwa ndani ya pango kwenye jabali.

Hatua ya 8: Kwenda kaskazini

Phoenix hadi Flagstaff kwa I-17 unapanda zaidi ya mita 1,700. Kwenye mpando wa Black Canyon City siku ya joto, tazama geji ya injini. Ikianza kupanda zima kiyoyozi, na ikizidi fungulia hita, hata kama wote ndani mtalalamika. Ondoka Phoenix saa 11 alfajiri na tatizo hilo hulioni.

Grand Canyon ukingo wa kusini uko wazi mwaka mzima. Barabara ya Desert View, maili 20 na kitu kuelekea mashariki, ndiyo ninayoipendelea kwa gari, kwa sababu unasimama unapotaka na mwisho wake kuna mnara wa mawe uliobuniwa na Mary Colter na kukamilika 1932. Barabara ya Hermit, upande wa magharibi, hufungwa kwa magari binafsi kuanzia Machi hadi Novemba. Panda basi la bure.

Ukishawishika kushuka ndani, rudi kwenye karatasi yako ya mita. Juu ni 2,100. Phantom Ranch, kando ya mto Colorado, iko karibu 750, karibu sawa na Tucson, na kiangazi joto lake huzidi hata la Tucson. Hapa unaanza na mteremko ukiwa na nguvu na ubaridi wa asubuhi, na unapanda ukiwa umechoka, saa ya jua kali. Hesabu muda wa kupanda kuwa mara mbili ya kushuka. Kwenda mtoni na kurudi kwa siku moja hifadhi yenyewe inaonya kwa mabango kwamba usijaribu, na wasioyasoma wanaokolewa kila kiangazi.

Monument Valley, mpakani na Utah, ni ya taifa la Wanavajo, wenye sheria zao. Pasi ya hifadhi za taifa haikubaliki, unalipa kwa kichwa getini. Pombe ni marufuku katika ardhi ya Navajo, hata ile iliyofungwa kwenye buti. Droni usirushe. Watu na nyumba zao usipige picha bila kuomba. Mzunguko wa maili 17 ni wa vumbi na mashimo. Saluni huweza kupita kwa taabu siku kavu, lakini kumkodi mwongozaji Mnavajo mwenye gari lake kunakupeleka sehemu ambazo huruhusiwi kufika peke yako, na tairi zako zinabaki salama.

Angalia na saa. Arizona haisogezi saa kiangazi, Wanavajo wanasogeza, Wahopi ambao ardhi yao imezungukwa na ya Wanavajo hawasogezi. Kuanzia Machi hadi Novemba simu yako inaweza kuruka saa moja mbele na kurudi nyuma mara kadhaa ndani ya safari moja. Ukiweka nafasi ya mwongozaji, muulize kwa simu: saa hiyo ni ya Navajo au ya Phoenix? Antelope Canyon, ingawa iko katika ardhi ya Navajo, huendeshwa kwa saa ya Phoenix.